Meza Yangu Haibebi Bahari

Mtu anayeishi Mwanza akiamua kuiweka bahari sebuleni mwake ana haki ya kufanya hivyo. Fedha ni zake na sebule ni yake. Lakini haki ya kufanya jambo hailigeuzi jambo hilo kuwa la busara. Nasema hivi kwa sababu tangu nilipotengeneza kwa mikono yangu meza ya mbao ya kubebea tangi la kioo la samaki, nimekuwa nikipewa ushauri wa aina moja: "Mzee, meza imara kiasi hiki weka maji ya chumvi. Weka matumbawe na samaki wa rangi wa baharini, wageni wako wataduwaa." Wanaonishauri ni watu ninaowaheshimu, na baadhi yao ni ndugu zangu wa damu. Kwa kuwa ushauri wao haukomi, nimeona niujibu kwa maandishi. Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na meza yenyewe. Tangi langu lina urefu wa sentimeta 120, upana wa sentimeta 50 na kimo cha sentimeta 45. Likijazwa pomoni linachukua lita 270, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza kioo chenye kilo zipatazo 50, ongeza mawe na mchanga, utakaribia kilo 400. Hayo ni magunia manne ya mahindi ya kilo mia mia, yamesimama mahali pamoja usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Meza ya televisheni haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Siri ya meza ya namna hii ni kwamba uzito upite kwenye mbao, usipite kwenye misumari. Ubao wa juu ukae moja kwa moja juu ya kichwa cha mguu, na mguu ukae moja kwa moja juu ya sakafu. Skrubu na gundi kazi yake ni kuzuia mbao zisihame tu. Mgongo wa meza uzibwe kwa plaiwudi ili isiyumbe kushoto wala kulia. Kisha pimamaji ilazwe juu yake kwa urefu na kwa upana, kwa maana meza ikiinama, tangi nalo litainama, na kioo kitabeba mzigo ambao hakikupangiwa. Mimi nilitumia mbao za paina za mbili kwa nne, zilizokauka vizuri na kupakwa dawa ya mchwa, nikazipiga randa, nikazisugua kwa msasa na kuzipaka vanishi mara tatu. Sikuhitaji mninga wala mkongo. Sioni sababu ya kuangusha mti uliochukua miaka mingi kukua msituni ili tu samaki wangu wapate mahali pa kukaa, wakati paina hupandwa, huvunwa na kupandwa tena.

Meza hiyo inatosha kabisa kwa maji baridi. Sasa ingiza chumvi katika hesabu, ndugu msomaji, uone mambo yanavyobadilika.

Kila lita ya maji ya bahari ina gramu zipatazo 35 za chumvi. Tangi kama langu lingehitaji zaidi ya kilo 9, tena si chumvi ya jikoni, bali chumvi maalumu yenye kalisi, magnesi na madini mengine kwa kipimo chake. Sehemu ya maji hayo lazima ibadilishwe mara kwa mara, kwa hiyo ununuzi wa chumvi hauna mwisho. Maji ya chumvi yakirukia mbao hukauka na kuacha ukoko mweupe, yakaingia kwenye maungio na kula misumari na skrubu kimya kimya. Wengi wa wafugaji wa matumbawe huongeza tangi la pili chini ya meza kwa ajili ya kusafisha maji, na hapo meza hubeba juu na kuhifadhi chini. Juu yake huhitajika taa kali na pampu zisizolala. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, nani atalitunza tumbawe? Na tumbawe si jiwe, wala si ua. Ni mnyama, tena mnyama mwenye kudeka.

Mnyama huyo atatoka wapi? Mwanza iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa barabara Dar es Salaam iko mbali kwa zaidi ya kilometa 1,000. Matumbawe ya pwani yetu yamepata mateso ya kutosha. Yamepigwa baruti na wavuvi haramu. Yamechimbwa na kuchomwa kuwa chokaa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yalipauka na kufa, yakiwemo ya Mafia, ambako Hifadhi ya Bahari ilikuwa imeanzishwa mwaka 1995. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inasimamiwa kwa vibali chini ya mkataba wa CITES, na haikuwekwa hivyo kwa mchezo. Anayetamani kuyaona na aende Mafia, au kisiwani Chumbe kule Zanzibar, ayatazame yakiwa nyumbani kwake.

Hata hivyo, gharama na chumvi si kiini cha ugomvi wangu. Kama ingekuwa ni fedha tu, tajiri angenishinda kwa kufungua pochi. Kinachoniuma ni kwamba mtu anaruka ziwa lililo mlangoni pake kwenda kutafuta uzuri usiku na mchana katika bahari iliyo mbali, na ziwa hilo limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uzuri wake bila wenyewe kujua.

Namzungumzia furu. Ndiyo, furu yule yule tunayemdharau, mwenye miiba mingi, anayetundikwa kwenye ndoana awe chambo cha sangara. Katika Ziwa Victoria walikuwapo furu wa aina zipatazo 500, na wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Sangara aliletwa ziwani na binadamu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kikundi cha watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilichojulikana kwa jina la HEST, kilianza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, kikashuhudia kwa macho yake nyavu zilizokuwa zikijaa furu zikianza kujaa sangara katika miaka ya 1980. Wataalamu walikadiria kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Baadhi walianza kuonekana tena katika miaka ya 1990, lakini si wote.

Kati ya waliosalia kwenye miamba yetu yupo mmoja ambaye kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei. Hebu lisome jina hilo tena. La kwanza ni neno letu la Kiswahili, kwa sababu ya mistari yake myeusi. La pili ni heshima kwa Mwalimu Julius Nyerere, na alipewa na watafiti waliomwelezea samaki huyo mwaka 1985. Dume lake lina mgongo mwekundu kama kaa la moto na ubavu wa manjano. Jike hutunza mayai na vifaranga kinywani mwake, asiwateme mpaka waweze kuogelea wenyewe. Samaki huyo hufugwa na kuzalishwa katika nyumba za watu huko Ulaya na Marekani. Huku kwetu nimewauliza watu wengi wazima, waliozaliwa na kukulia Kirumba na Nyegezi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia kwamba yupo furu mwenye jina la Mwalimu. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga.

Najua majibu ya wapinzani wangu. Wa kwanza husema: "Furu hana rangi, mimi namwona Mwaloni kila siku, ni wa kijivu tu." Bwana wee, samaki aliyekufa kwenye beseni si shahidi wa rangi zake. Tena zipo sababu nyingine za kutoziona rangi hizo. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika ziwa letu, wakaonyesha kwamba jike la furu humchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka kwa udongo na uchafu, mwanga hupotea, rangi hazionekani, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika na kupungua. Kwa maneno mengine, tunapofyeka miti ya vilima na kuelekeza maji machafu ziwani, tunawafumba macho majike wa furu. Katika kioo chenye maji safi, mtoto wa darasa la tatu anaweza kuona kile ambacho tope la ghuba limekificha.

Wa pili husema: "Ukiwatoa ziwani unawamaliza." Hoja hii ina uzito, nami naiheshimu. Ndiyo maana nasema mtu aanze kwa afisa uvuvi, apate ruhusa, achukue wachache, awazalishe. Na wakizidi awape wenzake wenye matangi, asiwarudishe ziwani hata siku moja, kwa sababu furu wa mwamba huu si lazima wawe sawa na wa mwamba ule. Ziwa hili limekwisha onja matokeo ya samaki kumwagwa bila kufikiri.

Wa tatu husema: "Tangi lako halitaokoa ziwa." Kweli, halitaliokoa. Ziwa litaokolewa na sheria zinazotekelezwa, mifereji safi na vilima vyenye miti. Lakini sijawahi kuona watu wakipigania kitu wasichokijua kwa sura wala kwa jina.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Atakaye kutengeneza meza, na aitengeneze, tena imara. Ajaze maji ya bomba, ayaache siku moja au mbili dawa ipungue, apange mawe kama yale ya ufukweni kwetu. Kwa joto la Mwanza hatahitaji hata kifaa cha kupasha maji. Na shule za kando ya ziwa, kuanzia Ukerewe hadi Sengerema, zisisubiri mfadhili. Fundi seremala yupo jirani, paina ipo sokoni, kioo hukatwa mjini, na vijana wenye nguvu za kupiga randa wamejaa madarasani. Wapeni kazi hiyo katika muhula mmoja. Kisha mwalimu wa baiolojia awasimamishe mbele ya kioo, awaonyeshe samaki mwenye jina la Mwalimu akiwa hai, na awaulize wanafunzi wake ni nani anayeyachafua maji anayotoka.