Leseni Mchana, Kelele Usiku

Anayedhani Kenya haina sheria ya kelele hajasoma kanuni za mwaka 2009. Katika maeneo ya makazi, kelele za nje hazipaswi kuzidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe huanza saa mbili na dakika moja, familia nyingi zikiwa bado mezani. Mkiukaji anaweza kutozwa faini ya hadi Sh350,000, kufungwa hadi miezi 18, au yote mawili.

Tatizo ni kwamba desibeli 35 ni kama mnong'ono. Katika barabara kubwa za Nairobi, magari peke yake yanavuka kiwango hicho kabla dijei hajawasha mitambo. Na kiwango kinachovunjwa na kila mtu humwachia afisa nafasi ya kuchagua wa kumkamata.

Halafu kuna besi. Kanuni hizo hutumia desibeli A, kipimo kinachofuata sikio la binadamu, ambalo halinasi vyema sauti nzito. Mngurumo wa hezi 63 hukatwa takriban desibeli 26 kabla namba haijaandikwa. Mngurumo huo huo ndio unaopenya ukuta wa mawe, ukatikisa vioo na kumfikia mtoto kitandani ghorofa ya tano, maneno ya wimbo yakiwa yamepotelea njiani. Mashine inasema pametulia. Mtoto yuko macho.

Novemba 2022, Gavana Johnson Sakaja alitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi ya Nairobi. Wakazi waliochoka kukesha walifurahi, wenye vilabu wakalilia mitaji na ajira. Lakini makazi ni wapi? Kilimani ya leo si ile ya nyumba moja moja zenye bustani. Maghorofa, ofisi na mikahawa vimebanana kwenye barabara moja, na marufuku inayotegemea ramani lazima ikwame hapo.

Wapo wanaotaka polisi waongezwe. Askari anayefika saa saba usiku bila kipima sauti ataomba muziki upunguzwe. Akigeuza gari, unapandishwa tena.

Safu hii inaona vita hivi vipiganwe mchana, kwenye meza ya leseni. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi zote mbili, kudhibiti kelele na kutoa leseni za pombe, kwa hiyo City Hall, makao ya Kaunti ya Nairobi, haina wa kumsukumia mzigo. Kabla leseni haijapigwa muhuri, besi ipimwe ndani ya chumba cha jirani wa karibu zaidi. Kuta na dari zizuie sauti. Amplifaya ifungwe kidhibiti ambacho dijei hawezi kukigusa. Baa ya juu ya paa lililo wazi isiruhusiwe spika usiku, hata mwenyewe awe nani.

Makanisa nayo yasijifiche. Kanuni zimezipa nyumba za ibada desibeli 40 mchana na 35 usiku, na mkesha wenye spika barabarani hauna msamaha wake wa pekee.

Leseni ya pombe hudumu miezi 12. Kaunti ikianza na zinazokwisha muda mwezi ujao, mwaka hautapita kabla kila baa ya Kilimani, Kileleshwa na Lavington haijapimwa.