Polenta na Ugonjwa wa Maskini

Polenta, yaani ugali wa mahindi wa Veneto, kaskazini mwa Italia, husifiwa siku hizi kuwa chakula bora cha mashambani. Sifa hiyo naikubali nusu tu. Wakulima wa huko wasiokuwa na ardhi waliila asubuhi na jioni, aghalabu bila nyama wala maziwa. Ngozi zikababuka juani, matumbo yakaharisha, akili zikavurugika. Mwaka 1771 tabibu Francesco Frapolli aliuandika ugonjwa huo kwa jina la pelagra, yaani ngozi yenye kukwaruza. Hesabu ya mwaka 1881 ilionyesha wagonjwa zaidi ya 100,000.

Cesare Lombroso alilaumu mahindi yaliyooza. Kumbe vitamini iitwayo niasini imo katika mahindi, ila imefungwa, na mwili hauipati. Wenyeji wa Meksiko, asili ya zao hili, huyachemsha kwa maji ya chokaa, nayo ikafunguka. Mbegu ilivuka bahari. Maarifa hayo ya jikoni hayakuvuka.

Polenta yenye maharagwe au jibini haina hatia. Lakini mwalimu anayeisimulia darasani na aulize pia: mwenye shamba alikuwa akila nini?