Chaji Ikiisha, Kinabaki Nini?



Ndugu zangu, vijana wananiuliza sana: "Sheikh, nimejaaliwa fedha kidogo, ninunue simu ipi ya maana?" Mimi si fundi wala dalali wa simu. Lakini kupima kitu kabla ya kutoa mali ni kazi ya kila mwenye akili. Leo tujifunze kupima kwa kifaa ambacho kilishaondoka madukani. Kwa nini cha zamani? Kwa sababu hakina dalali tena. Hakuna anayelipwa kukipamba, na mwisho wake tumeshauona.

Turudi mwaka 2004. Simu nyingi wakati huo zilikuwa za kupiga na kutuma ujumbe. Mtu mwenye shughuli nyingi, hasa huko Ulaya na Marekani, alibeba pia kompyuta ndogo ya kiganjani. Unaiandikia kwa kijikalamu, na ndani yake mna kalenda, majina na namba za watu, orodha ya kazi na hesabu. Miongoni mwa zile za daraja la juu ilikuwa HP iPAQ hx4700, iliyouzwa Marekani kwa dola 649.

Tuseme haki: kilikuwa kifaa cha kuheshimiwa. Kioo cha inchi 4, chenye nukta 640 kwa 480, maandishi yanasomeka safi. Prosesa ya megahezi 624. Kina Wi-Fi, kina Bluetooth, kina nafasi mbili za kadi, na betri unaichomoa mwenyewe. Ukikiweka mezani mbele ya watu, wanajua umefika.

Sasa sikilizeni hapa.

Majina yako, miadi yako na orodha zako, vyote vilikaa kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme tu. Betri ikifa kabisa, kumbukumbu inafutika. Unachaji, unawasha, kifaa kinakukaribisha kama ndiyo kwanza kimetoka kiwandani. Hakikujui! Kulikuwa na kibetri cha akiba cha kushikilia kwa muda, lakini akiba nayo huisha. Kulikuwa pia na sehemu ya kudumu ya kuhifadhi mafaili, ila ilibidi ukumbuke kuyapeleka huko. Aliyekuwa na desturi ya kunakili kwenye kompyuta yake alipona. Asiyekuwa nayo alianza upya.

Mwaka huohuo 2004 kampuni iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya Palm ilitoa Tungsten T5 kwa dola 399. Prosesa yake ilikuwa megahezi 416. Wi-Fi haikuwa nayo ndani. Kioo chake kilikuwa na nukta chache zaidi. Kwa orodha ya sifa, kilishindwa. Lakini betri ikiisha, ulichokiandika kilibaki. Vifaa vya Windows vilikuja kupata uhifadhi wa namna hiyo kuanzia toleo la mwaka 2005.

Basi niambie, ndugu yangu: kipi kilikuwa bora? Anayekipima kwa macho atachagua cha dola 649. Anayejua anaweka nini ndani yake atauliza kwanza: nikikuachia kitu changu, utakitunza? Rai yangu ni hii, na ninaisimamia: kifaa cha kutunza kumbukumbu kisichotunza kumbukumbu ni ghali hata kikiuzwa kwa dola 10.

Utasema, "Sheikh, hayo yamepita. Simu za sasa chaji ikiisha hazisahau kitu." Kweli kabisa. Lakini mlango ule umezibwa, na mwingine umefunguka.

Tunapozika, ndugu wa marehemu husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye pia ajitokeze. Sasa tazama hali ya leo. Marehemu alikuwa mtunza hazina wa kikundi. Madeni yake, michango ya watu na fedha za yatima alizoachiwa, vyote vimeandikwa kwenye simu. Mtoto wake ameishika mkononi, simu ya mamilioni, inang'aa, chaji imejaa. Nywila haijui. Simu haikusahau chochote, ila haimwambii mtu yeyote. Kwa mwenye kudai, hiyo ina tofauti gani na ile iliyofutika?

Tumeamrishwa kuandika madeni ili haki ya mtu isipotee. Maandishi yasiyoweza kusomwa na shahidi wala mrithi yamelinda haki ya nani?

Na mlango wa tatu ni kampuni yenyewe. Sony ilitengeneza kompyuta za kiganjani nzuri sana za jina la CLIÉ, kisha mwaka 2005 ikaachana nazo. HP iliinunua Palm mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikasimamisha utengenezaji wa vifaa vyake. Hayo yalikuwa majina makubwa. Usidhani jina lililo nyuma ya simu yako limeandikiwa kudumu.

Kwa hiyo, kabla hujatoa mali, uliza haya:

1. Kazi yangu ni ipi? Jeff Hawkins, mwanzilishi wa Palm, kabla ya kutengeneza kifaa cha kwanza cha Palm alitembea na kipande cha mbao mfukoni. Kila alipotaka kuangalia miadi alikitoa na kujifanya anakitumia, ili ajue anahitaji nini hasa. Nawe jichunguze hivyo wiki moja. Huenda simu uliyonayo inatosha.

2. Simu ikiibiwa leo usiku, kesho asubuhi nitapata wapi nakala?

3. Nikihamia kampuni nyingine, nitaweza kutoka na vitu vyangu?

4. Nikifa, nani atajua ninadaiwa nini?

Swali la nne halijibiwi na muuzaji yeyote. Linajibiwa na daftari la shilingi chache, lililoandikwa kwa mkono, na mkeo au kaka yako anajua lilipo. Mwenye simu ya bei kubwa analihitaji daftari hilo sawasawa na mwenye kitochi.

Sikukatazi kununua kizuri, kijana wangu. Kama mali ni ya halali na kazi ipo, nunua utumie. Ila usiku wa leo, kabla hujalala, andika madeni yako pembeni na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Ukimaliza, mfikishie na mwenzako ujumbe huu.

Allah atujaalie tuwe watunzaji wazuri wa haki za watu. Aamiin.