Ugumu si Dhuluma

Wako watu wazima wilayani Same, na miongoni mwao wamo wanachama wenzetu, ambao hukereka wasikiapo vijana wakibishana kwa sauti kuu juu ya mchezo wa simu. Husema kwamba huo ni upuuzi, na kwamba kijana mwenye nguvu ya kubishana hivyo angefaa kuwa shambani kwenye tangawizi. Sisi hatukubaliani nao. Mabishano hayo tumeyasikiliza, Same mjini na huko juu Suji, na twaona kuwa ndani yake mna swali zito kuliko mengi yaulizwayo katika mikutano yetu.

Mchezo wenyewe ni mkongwe. Waitwa Final Fantasy VII, nao ulitengenezwa na kampuni ya Square ya Japani ukatoka mwaka 1997 kwa mashine ya PlayStation, katika santuri tatu. Tangu mwaka 2016 wapatikana katika simu za Android, na ndiyo sababu waufahamu hata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Ni mchezo wa hadithi. Mchezaji huongoza kundi la watu wanaopigana na kampuni iitwayo Shinra, ambayo hufyonza uhai wa ardhi yenyewe ili iuze umeme. Habari ambayo msomaji wa gazeti hili hana haja ya kuelezwa mara mbili. Baadaye adui mkuu hudhihirika kuwa ni Sephiroth, aliyekuwa askari shujaa wa kampuni hiyo hiyo.

Malalamiko ya kwanza ya vijana ni ugumu wa maadui wakuu, ambao wao huwaita mabosi. Hasa hulalamikia dude la chini ya bahari liitwalo Emerald Weapon, lenye uhai wa 1,000,000, na mchezaji hupewa dakika 20 tu za kulishinda. Eti huo ni uonevu! La hasha. Dude hilo halizuii njia. Aweza mtu kulipita mbali akaimaliza hadithi yake kwa amani. Saa yaonekana wazi kiooni ikihesabu. Tena kimo kito ambacho, akikitafuta na kukipata, humwondolea saa hiyo kabisa. Mlima wa Shengena ni mrefu, lakini hakuna aliyesema kuwa mlima umemdhulumu.

Lakini liko jambo jingine, na hapa kijana mmoja mwenye sauti ndogo alituzindua. Katika pambano la mwisho, Sephiroth huongezewa uhai kwa kila mwenzako aliyefika daraja la 99. Mchezo haukuambii. Umefanya kazi usiku na mchana kuwainua watu wako, kumbe jasho lako limekuwa kipimo cha kumnenepesha adui. Watetezi husema kwamba nyongeza hiyo si kitu kwa mwenye nguvu za daraja la 99, na hesabu yao ni sahihi. Walakini kosa la kuficha kanuni halipimwi kwa ukubwa wa hasara.

Wapare hawana budi kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilileta Upare kodi iliyopanda kwa kadiri ya mali ya mtu, ikaitwa mbiru. Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani hadi Same, makao ya Bwana Shauri, wakadai maelezo. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliandika juu ya habari hiyo kitabu kilichotoka mwaka 1971. Kodi inayopanda kwa mali si uovu. Sisi wenyewe twaitetea. Kilichowachoma watu ni namna walivyokadiriwa, kwa kipimo wasichoonyeshwa wala kushauriwa juu yake. Vivyo hivyo kibarua hakatai kazi ya kipimo. Hukataa kipimo kilichorefushwa wakati yeye amelala.

Malalamiko ya pili ni ya mantiki ya hadithi, na hapa ndipo sauti hupanda hata wapita njia wakasimama. Mwishoni mwa santuri ya kwanza Sephiroth amwua binti aitwaye Aerith kwa upanga. Vijana huuliza: mbona mfukoni tuna manyoya ya finiksi, ambayo yamewainua wenzetu waliokufa mara mia vitani? Kwa nini hakuna hata mmoja anayeyatoa?

Wanaojibu kuwa “ni mchezo tu” wajibu vibaya. Msimulizi aliyeweka sheria mwenyewe hana ruhusa ya kuisahau inapomfaa. Jibu la haki limo katika lugha. Katika Kijapani, aangukaye vitani huelezwa kuwa hawezi tena kupigana. Hakusemwa kuwa amekufa. Manyoya yale humwinua aliyezirai. Kiingereza kikaandika “kifo”, na tafsiri ile ya 1997, ambayo ilikuwa na makosa mengine mengi ya wazi, hata jina la binti ikaligeuza kuwa Aeris, ikaizaa kesi isiyokuwako. Neno moja la mtafsiri mwenye haraka limewagombanisha watu duniani kwa zaidi ya miaka 25. Basi hadithi haina hatia, na binti yule kufa hakuna budi afe. Angefufuliwa, machozi yote ya mchezo yangekuwa ya bure.

Kwa pigo la Sephiroth liitwalo Supernova, hata hivyo, hatuna la kutetea. Kimondo chavunja sayari, jua lavimba na kuzimeza zilizo karibu, na baada ya maangamizi hayo yote pigo hukata sehemu 15 katika 16 za uhai uliobaki, lisimwue hata mtu mmoja. Kisha zamu yake ifikapo aweza kulipiga tena, na jua ni lile lile, na sayari zote zi mahali pake.