Usahili Nao ni Sayansi

Sisi walimu huwasifu mno wabunifu wa vyombo vyenye utata, tukasahau kwamba chombo kilicho kigumu kuundwa hakimfikii mwananchi. Ushahidi naupata katika taa nyeupe za diodi za kikaboni, yaani taa bapa ambazo nuru yake hutoka katika tabaka za kikaboni zilizotandazwa juu ya kioo.

Mwaka wa 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walionyesha kuwa tabaka mbili nyembamba zatosha. Moja hupitisha elektroni. Nyingine hupitisha matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni. Vikikutana, nuru huzaliwa. Nuru yao ilikuwa ya kijani. Ili kupata nyeupe sharti rangi zichanganywe, na katika miaka ya 1990 Junji Kido na wenzake wa Japani walifaulu.

Hata hivyo, kati ya kila mikutano minne, takriban mitatu haikutoa nuru, hadi Baldo, Thompson, Forrest na wenzao walipotumia kiambata cha platini mwaka wa 1998. Isitoshe, katika taa bapa ya kawaida, kama sehemu moja kwa tano tu ya nuru hupenya nje. Iliyosalia hunaswa ndani. Mwaka wa 2009 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walifikia lumeni 90 kwa kila wati, ilhali balbu ya waya hutoa kama 15. Lakini walihitaji tabaka nyingi na kioo maalumu, na kila tabaka ni gharama. Taa za kawaida za LED zilikuwa rahisi zaidi kwa bei, na mwaka wa 2020 LG Display ya Korea Kusini ikaiacha biashara ya taa za kikaboni.

Je, tukate tamaa? La hasha! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nashikilia kwamba njia ni kupunguza: tabaka chache, na rangi mbili tu, samawati na ya chungwa, ambazo zikichanganyika jicho huziona nyeupe. Kikwazo kikubwa ni molekuli za samawati, ambazo huchakaa upesi. Hilo ni swali la kemia, nalo lamngoja mwanafunzi mdadisi.

Basi, walimu wenzangu, tusimuulize mwanafunzi tu ataongeza nini katika chombo chake. Tumuulize pia atapunguza nini, na kwa nini.