Mshumaa wa Chupa Unapokataa Kuwaka

Mama mwenzetu mmoja ameleta swali ambalo huenda ni la wengi. Amemimina mishumaa 12 katika chupa tupu za jemu, akitumaini kuuza minane na kubakiza minne kwa ajili ya usiku umeme unapokatika. Lo! Kila anapowasha mmoja, unachimba shimo katikati, mwali unadidimia, na baada ya nusu saa unajizima ukiwa umezama ndani ya nta. Pembeni mwa chupa nta imebaki imeganda vile vile. Anauliza, je, fedha yake imepotea?

Haijapotea, mama. Nta ni nzima, kasoro iko kwenye utambi. Utambi hunyonya nta iliyoyeyuka na kuipandisha kwenye mwali. Ukiwa mwembamba kwa upana wa chupa, joto halifiki pembeni. Ukiwa mnene mno, mwali hurukaruka, moshi hupaka chupa masizi, na kichwani hutokea kifundo kama uyoga. Huu wa pili ndio unaonitia hofu zaidi, kwani chupa hupata moto hata ikaweza kupasuka, tena iko mezani pale mtoto anaposomea. Na kama utambi ni uzi wa nailoni, usitegemee kitu, nailoni huyeyuka. Tafuta uzi wa pamba tupu, uusuke.

Wapo wanaoshauri kuchanganya mafuta ya taa ndani ya nta ili mshumaa uwake kwa nguvu. Nakusihi, usithubutu!

Tengeneza hivi. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, simamisha chupa juu yake, tia maji ya uvuguvugu yafike nusu ya kimo cha chupa, kisha weka kwenye moto mdogo. Usiitumbukize chupa baridi katika maji ya moto. Nta nyingi za mishumaa huyeyuka kabla ya nyuzi 70 za sentigredi, kwa hiyo maji hayana haja ya kuchemka. Watoto wakae mbali, nawe usiondoke jikoni. Ikitokea nta ikashika moto, zima jiko na uifunike kwa mfuniko. Kamwe usiimwagie maji.

Nta ikishayeyuka yote, ng'oa utambi wa zamani kwa uma. Chovya ule mpya ndani ya nta hadi uache kutoa mapovu, uunyooshe juu ya karatasi ugande. Ufunge chini kwenye kipande kidogo cha bati ili usielee, na juu uuzungushe kwenye kijiti kilicholala mdomoni mwa chupa, usimame katikati. Nta ikipoa hubonyea kuzunguka utambi. Bakiza kidogo ya kujazia. Ile ya ziada usiimwage kwenye sinki, itaganda ndani ya bomba.

Ukiona kuyeyusha ni kazi kubwa, pasha moto sindano ya kufumia sweta, toboa tundu kando ya utambi wa zamani hadi chini, upenyeze mpya, kisha ukate ule wa zamani.

Lakini tengeneza mshumaa mmoja kwanza, hiyo mingine 11 ingoje. Uache hadi kesho yake, kata utambi ubaki robo inchi, uwashe. Kwa chupa yenye upana wa sentimita 7, nta iliyoyeyuka iwe imefika pembeni, au karibu kabisa, baada ya saa tatu hivi. Isipofika, suka utambi mnene zaidi kidogo. Ukitoa moshi, punguza. Chupa pana sana huhitaji tambi mbili. Andika katika daftari upana wa chupa na idadi ya nyuzi ulizosuka, maana chupa za jemu hazilingani. Na wale watakaonunua waambie wauzime mshumaa nta inapobaki sentimita moja chini, kabla mwali haujagusa kitako cha chupa.