Sauti Nzito Si ya Bei ya Soda

Kila kundi la marafiki hapa Kisumu lina yule jamaa mmoja. Akisema tu "niaje", kikombe kinatetemeka mezani. Akipokea simu ya nyumbani, watu wanadhani ni babake. Na kila mtu humwambia kitu kile kile: "Wewe ungekuwa redioni." Mimi naona hiyo ni kumpunguzia. Huyo mtu angekuwa kwenye katuni na magemu, ila kabla aende huko kuna mambo anafaa kujua kuhusu pesa.

Tuanze na mkubwa wao. James Earl Jones, Mmarekani, alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Kama jina halikuambii kitu, sauti unaijua: ndiye Mufasa wa The Lion King ya 1994, akarudi tena kwa ile ya 2019. Ndiye pia Darth Vader wa Star Wars. Ndani ya lile vazi jeusi alikuwa mtu mwingine, Mwingereza anaitwa David Prowse. Jones alileta koo tu. Kwa filamu ya kwanza, ya 1977, yeye mwenyewe alisema alilipwa dola 7,000. Basi. Filamu ikaenda kuingiza mamia ya mamilioni.

Na huyu mzee alikuwa na kigugumizi. Utotoni alikaa miaka kama minane bila kuongea shuleni, hadi mwalimu mmoja akamfanya asome mashairi mbele ya darasa. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati sauti nzito inajiuza yenyewe. Uzito unazaliwa nao, lakini kujua pa kuvuta pumzi, pa kunyamaza na neno gani uliachilie polepole, hiyo ni kazi ya miaka. Simama steji asubuhi usikilize makanga wakiita Busia na Siaya. Wote wana sauti. Wawili tu ndio utawasikia ukiwa ng'ambo ya barabara, na hao wawili hawapigi kelele kuliko wenzao.

Sasa hii ndio sehemu naipenda. Kwenye Return of the Jedi ya 1983, filamu moja na Darth Vader, kuna sauti ya Mkenya. Unamkumbuka Nien Nunb, yule kiumbe wa mashavu manene anayeketi kando ya Lando kwenye usukani? Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa anasoma Marekani. Fundi wa sauti za filamu hiyo, Ben Burtt, alitaka lugha ambayo masikio ya watazamaji wao hayajaizoea. Rotich akampa Kalenjin na Kikuyu. Watu wakajaa sinema wakidhani wanasikia lugha ya sayari nyingine, kumbe ni maneno unayoyapata ukipanda tu vilima vya Nandi hapo juu. Aliitwa tena kwa The Force Awakens ya 2015, miaka 32 baadaye. Siku hizi unaweza hata kucheza ukiwa Nien Nunb kwenye gemu ya Star Wars Battlefront.

Ndio maana huwa nashindwa kuelewa wasee wanaorekodi sampuli zao kwa tweng ya Atlanta. Atlanta wako wengi wenye hiyo tweng, na hawahitaji mtu wa Manyatta awasaidie. Hapa kwetu watoto walimjua DJ Afro kwenye vibanda vya video kabla ya kumjua mwigizaji yeyote aliyekuwa kwenye skrini. Filamu ni ya Wachina, lakini watu walikuwa wanalipia yule anayeisimulia kwa Kiswahili cha mtaa.

Turudi kwa pesa, kwa sababu mambo yamebadilika. Mwaka wa 2022 ilijulikana kwamba Jones ameruhusu rekodi zake za zamani zitumike kutengeneza sauti ya Vader kwa AI (au akili unde, kama wanavyosema kwenye taarifa ya habari), na kampuni ya Ukraine iitwayo Respeecher ikaifanya hiyo kazi. Mei 2025, miezi nane baada ya kifo chake, Vader akaingia Fortnite akiongea na wachezaji moja kwa moja kwa sauti hiyo. Haikuchukua muda wachezaji wakamfanya atukane. Familia yake ilikuwa imekubali mradi huo, lakini chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kililalamika rasmi kwamba kazi ya watu imepewa mashine bila majadiliano. Wakati huo waigizaji wa sauti za magemu walikuwa kwenye mgomo tangu Julai 2024, na AI ndiyo ilikuwa kiini.

Jones aliulizwa. Alikuwa na wakili, alikuwa na mkataba. Rafiki yangu wa Nyalenda, mwenye sauti hata mimi namwonea wivu, alilipwa 1,500 kurekodi tangazo la biashara moja ambayo sitaitaja. Likachezwa kwenye spika mwaka mzima. Kisha tukaanza kusikia sauti yake ikitangaza bei za bidhaa ambazo hajawahi kuzitaja maishani. Alipouliza, akaambiwa alishalipwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, si wakili. Lakini kusoma hakuhitaji digrii. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole na DNA (na umbo la ndewe, sijui nani alifikiria hiyo). Sheria ya Hakimiliki ya 2001 nayo inamtambua mtumbuizaji na haki zake juu ya rekodi. Hazikuandikwa kwa ajili ya jamaa wa Nyalenda na spika ya duka, ila zinakupa pa kuanzia mazungumzo.

Kwa hivyo andika, hata kama ni kwa WhatsApp: sauti hii itatumika wapi, kwa miezi mingapi, ikirudiwa nalipwa nini, na hairuhusiwi kufunzia mashine bila makubaliano mengine. Hiyo ya mwisho usiiache hata wakikuchekea. Na wakikutumia sentensi mia tano usome "kwa majaribio tu", uliza majaribio ya nini.

Najua utaniambia wataita mwingine. Ni kweli, wataita. Hii inafanya kazi tu kama huyo mwingine naye atauliza maswali yale yale, na Kisumu si kubwa hivyo, tunajuana. Kama wewe hufanya hizi kazi, nitumie ujumbe uniambie ulilipwa ngapi na kwa muda gani. Nimeshapata bei za watu sita, na hakuna mbili zinazofanana.